Nafasi Nne kwenye Nyumba ya Mashine

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za stoo, nikasaini pale panaposainiwa, nikala pilau mliyonipikia, na sasa nimekaa barazani kwangu Mabawa sina la kufanya ila kumkera mke wangu jikoni. Yeye ndiye aliyenipa karatasi hizi. "Waandikie hao vijana wako," alisema, "mie uniache nipike." Basi naandika.

Siku ile ya pilau mliniuliza: enzi za Mwingereza, mtu wa Tanga alipataje kazi ya ufundi? Nafasi zilitangazwa wapi? Nyinyi mmezoea kusoma gazetini kwamba anatakiwa fundi mitambo mwenye hiki na kile, mnapeleka vyeti, mnaitwa au hamuitwi. Sisi tulisikia tu. Vyeo vyangu sitavisimulia, mnavijua, na mshahara wangu wa kwanza haumhusu mtu. Nitawaeleza habari ya nafasi nne tu, za miaka ya hamsini, na mtu aliyetufundisha mpaka tukazistahili. Karibu zitupotee zote, na sababu yake ingewachekesha kama isingetutoa jasho.

Mtu mwenyewe aliitwa Fundi Mbwana. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya mvuke kwenye kinu cha mafuta ya nazi hapa mjini, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na banda la makuti lenye jiliwa mbili za kubania chuma na tanuri la mkaa. Humo alifundisha vijana jioni na siku za mapumziko. Marehemu baba alinipeleka kwake nikiwa bado sijaota ndevu, akaniacha mlangoni, akaondoka bila kuniangalia. Fundi Mbwana alinipa fagio. Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kufagia vumbi la chuma na kutazama mikono ya wenzangu.

Siku aliyonipa tupa alinipa pia kipande cha reli kilichokatwa vibaya. "Nataka pande sita," alisema, "zote sawa, pembe zote sawa." Nikabana chuma kwenye jiliwa, nikaanza kusugua. Nyie mna mashine za kuchonga, hamjui kazi hiyo inavyokula mabega. Nikimaliza upande, yeye hukichukua kipande, akaweka skwea ya kupimia pembe juu yake, akakiinua kuelekea mlangoni na kufumba jicho moja. Palipopenya mwanga kati ya skwea na chuma alisema neno moja tu, "Jua," akanirudishia. Hakugomba wala hakueleza. Nilirudishiwa jua mpaka nikawa nalichukia lile la juu pia. Hatimaye siku moja alifumba jicho, akatazama sana, akasema, "Leo mawingu." Niliondoka pale natembea taratibu kwa heshima, nilipopinda kona nikakimbia mpaka nyumbani kumwambia mama.

Kasoro yake, kama ni kasoro, ilikuwa moja: hakutaka kusikia habari za mashine za dizeli. Kwake yeye mashine ilikuwa kitu cha moto na maji. Unaamka alfajiri unaikokea moto, unaipasha, unafungua mvuke kidogo kidogo ili silinda zisishtuke na maji yaliyolala ndani yatoke, na baada ya saa nzima ya adabu ndipo inakuzungukia. Dizeli aliiita mashine ya wavivu. "Unaiamsha kama mwizi," alisema, "kwa mkupuo!"

Mimi nilipofuzu tupa nilipata kibarua bandarini. Wakati ule meli kubwa zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari yaliyovutwa na tagi, ile boti ndogo yenye nguvu, na tagi niliyopanda ilikuwa ya dizeli. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta na kufuta. Fundi wake, Mngazija mmoja mwenye meno ya dhahabu, alipenda kulala mchana, kwa hiyo alinifundisha kuwasha mapema ili asiamshwe. Mashine kubwa za namna ile haziwashwi kwa ufunguo. Kuna mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Unalizungusha gurudumu kubwa kwa mtaimbo mpaka pistoni ikae mahali pake, unachomoa mtaimbo (usiposahau, utaishi), kisha unafungua valvu ya hewa wazi yote. Hewa inaisukuma pistoni kwa nguvu, mashine inazunguka, mafuta yanashika, unafunga hewa. Ukiifungua polepole, hewa inapita inapumua tu, gurudumu linayumba, linarudi, na wewe umebaki na mtungi mtupu. Mngazija alikuwa akisema, "Hewa haibembelezwi," halafu analala.

Sikumwambia Fundi Mbwana habari hizo. Nilikwenda kumsalimia kila Ijumaa baada ya sala, akaniuliza bandari inaendeleaje, nikajibu inaendelea. Kumweleza mwalimu wangu namna ya kuwasha mashine kungekuwa utovu wa adabu, na sikulelewa hivyo.

Kisha kinu cha mafuta ya nazi kikafungwa. Mwenye kinu alihamia kwenye biashara nyingine, mashine ya mvuke ikauzwa chuma chakavu, na Fundi Mbwana akabaki na banda lake na mvi zake. Hakulalamika. Alianza kunoa mapanga ya watu, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo la kutazama pembeni unapopita.

Hapo ndipo nafasi zilipokuja. Habari zililetwa na dereva wa lori la mkonge aliyesimama kunywa kahawa sokoni. Shamba moja njia ya Pangani, jina nitaliacha maana wajukuu wa wenyewe wapo, lilikuwa limeagiza mashine mpya ya dizeli ya kuendeshea korona, yaani mtambo wa kusaga majani ya mkonge. Walitaka mafundi wanne wa nyumba ya mashine. Habari ilipofika Mabawa nafasi zilikuwa zimeshakuwa kumi na mbili, zina nyumba za bati, na mtu mmoja alikuwa na hakika kwamba kuna na baiskeli. Tulipozipembua zikarudi nne, bila baiskeli.

Lakini lilikuwapo jambo la kweli lililotushika. Mashambani kote, kazi za mashine walipewa watu walioletwa kutoka mbali. Sisi wenyeji wa mji tuliambiwa hatuna kichwa cha mitambo, tunafaa kuvua na kuuza nazi. Injinia wa shamba hilo, Mgiriki mrefu aliyeitwa Bwana Niko, alimwambia dereva kwamba safari hii atawajaribu watu wa hapa hapa, mara moja. Wakishindwa, ataagiza wengine na hatauliza tena. Kwa hiyo hatukuwa tunakwenda kujaribiwa sisi tu. Kila kijana aliyeshika tupa Tanga alikuwa nyuma yetu, na tulilijua hilo.

Tulikwenda watano. Mimi, Yohana Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza aliyejifunza banda moja nami na aliyekuwa akifanya kazi gereji ya mashine za dizeli, vijana wawili ndugu, Kassimu na Bakari, ambao walikuwa na uzoefu wa pampu za dizeli, na Fundi Mbwana mwenyewe. Ndiyo, naye alikuja. Alivaa kanzu safi na koti, akakaa mbele kwenye basi karibu na dereva, sisi tukabeba sanduku lake la vyombo. Nafasi nne, watu watano, na mmoja ni mwalimu wa wote. Mhina alininong'oneza njiani, "Hesabu hii unaionaje?" Nikamwambia atazame nje.

Bwana Niko alitupokea vizuri, kwa kadiri yake. Kwanza alitupa kila mtu kipande cha chuma na tupa, akaenda zake. Aliporudi alikagua vipande kimoja kimoja, akaviinua mlangoni, akafumba jicho moja. Nilimwona Fundi Mbwana akisimama wima zaidi. Mgiriki aliinua kipande changu, akaweka, cha Mhina, akaweka, vya wale ndugu, akaweka, cha Fundi Mbwana akakishika muda mrefu. "Nyinyi wote nasoma wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani. Tukamwonyesha mwalimu wetu. "Mzuri," alisema, "mzuri sana." Sijawahi kuvimba kichwa namna ile, hata nilipooa.

Kisha akatupeleka kwenye nyumba ya mashine. Ilikuwa imekaa pale, kijani, inang'aa, gurudumu lake limenizidi kimo, na mtungi wa hewa umesimama ukutani. Mtungi ule ulijazwa na mashine yenyewe ikishazunguka. Hewa iliyokuwamo ilikuwa ya kujaribia mara chache tu. Ikiisha, ni kupeleka mtungi Tanga mjini.

"Sasa," alisema Bwana Niko, "nani nawasha?"

Wote tukamgeukia Fundi Mbwana.

Jamani, wanne kati yetu tulijua. Mimi ningeiwasha huku nimefumba macho. Lakini mkubwa wetu alikuwapo. Utamtanguliaje mwalimu wako mbele ya watu, mgeni anatazama? Kassimu alitazama viatu vyake. Bakari alimtazama Kassimu. Mhina alikohoa. Mimi nilirudi nyuma hatua moja ili njia iwe wazi, na kwetu sisi ile ilikuwa heshima. Kwa Mgiriki ilikuwa ni watu wanne wanaoogopa mashine.

Fundi Mbwana naye angefanyaje? Wanafunzi wake wamempisha. Akivua koti na kusema "mie hii siijui," ametuaibisha sisi tuliomwonyesha kwa kidole. Alivua koti, akampa Mhina, akakunja mikono ya kanzu. Akapapasa beringi zote, akatia mafuta kila mahali panapotaka mafuta, akalizungusha gurudumu kwa mtaimbo mpaka likakaa vizuri, akauchomoa. Yote hayo sawasawa, na Bwana Niko akaitikia kwa kichwa. Kisha akashika valvu ya hewa, akaifungua kama alivyofungua mvuke maisha yake yote: kidogo, akasubiri, kidogo tena, akasikiliza.

Hewa ikapumua. Gurudumu likajisogeza, likayumba, likarudi.

Alifunga, akaliweka gurudumu sawa, akarudia. Aliongeza uangalifu, maskini, na uangalifu ndio uliotumaliza. Alifungua polepole zaidi. Mshale wa geji ya mtungi ukateremka tunautazama. Ndani ya kifua nilikuwa napiga kelele, "Yote, fundi, yote!" na mdomo wangu umefungwa.

Bwana Niko aligonga kioo cha geji kwa ukucha. "Hewa nabaki ya mara moja," alisema. Akatutazama sisi wanne. "Na nyinyi? Hapana jua? Nasimama tu?" Aligeukia mlango. "Basi. Mimi nachoka. Endeni nyumbani, mimi naagiza watu."

Fundi Mbwana alikuwa ameshauokota mtaimbo kwa mara ya tatu. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongoni na ule mtaimbo, chuma kizito, ulikuwa unamlemea mikononi. Hapo ndipo nilipomwona alivyo: mzee amebeba mzigo. Na mzee akibeba mzigo mbele yako, kila mtoto wa pwani anajua la kufanya tangu hajaanza chuo cha Kurani. Hamwambii amekosea njia wala hamwambii amechoka.

Nikaenda mbele, nikainama kidogo, nikanyoosha mikono miwili.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia. "Nikupokee."

Aliniangalia. Nadhani alielewa yote papo hapo, maana macho yake yalikwenda kwenye valvu, yakarudi kwangu.

"Marahaba, Hemedi," alisema. "Nipokee, mwanangu." Akaniwekea mtaimbo mikononi, akakaa pembeni kwenye sanduku lake la vyombo.

Hakuna aliyeambiwa kitu, lakini wenzangu wakafunguka mara moja. Kassimu alirukia pampu ya mafuta, Bakari akafunga vijibomba vilivyokuwa wazi kwenye silinda, Mhina, na koti la mwalimu begani, akashika upande wa pili wa mtaimbo. Tukaliweka gurudumu mahali pake, tukachomoa mtaimbo, nikaulaza ukutani. Nikaishika valvu. Nilisema bismillahi, Mhina akasema lake, nikaifungua yote kwa mkupuo.

Ikazunguka. Ikapiga mara moja, ikasita kidogo, halafu ikashika, na sakafu yote ikaanza kutetemeka chini ya miguu. Nilifunga hewa. Bakari alikuwa anacheka peke yake. Nilifurahi, vijana, na sioni haya kusema, nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Bwana Niko alituacha tuiendeshe, tukaizima, akatoka nasi nje kwenye kivuli cha paa. Akatunyooshea kidole mimi, Mhina, Kassimu, Bakari. "Nyinyi wane, kazi nataka?"

Wote tunatazama chini.

Yule bwana alikaribia kupasuka. "Hii watu gani? Leo asubuhi nataka kazi, sasa hapana taka?"

"Wanataka," alisema Fundi Mbwana. Alikuwa ameshavaa koti lake. "Wananisubiri mie niondoke kwanza."

Akatupa mkono mmoja mmoja, akakataa tumbebee sanduku, akaenda kusubiri basi barabarani. Hakugeuka. Tukasema tunataka. Kazi tuliyoililia tukaipata, na usiku huo hakuna aliyekula vizuri.

Kwetu pwani mwanafunzi akifuzu humpa mwalimu wake kilemba, zawadi ya heshima, na ndipo anapokuwa huru kujiita fundi. Mara tulipopata mapumziko tulikwenda Mabawa sote wanne, Mhina naye, na kitambaa kizuri cha kilemba kimekunjwa kwenye sinia. Tulimkuta bandani ananoa panga. Alilisogeza sinia pembeni kwa kidole.

"Kilemba hukipokea mwalimu aliyemaliza kazi," alisema. "Mie kuna hewa hapo kati sijaimaliza. Mnafanya usafi wa mashine siku gani?"

"Jumapili, fundi," nikajibu.

"Jumapili Mhina yuko kanisani?"

"Nakwenda misa ya asubuhi, fundi," akasema Mhina.

"Basi mchana."

Akaja. Jumapili baada ya Jumapili alishuka kwenye basi na kanzu yake, akasimama mikono nyuma, akauliza. Alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko sisi. Nikimweleza jambo juu juu, aliniangalia tu, na nikajua ameona jua. Ilinibidi nikafikiri upya mambo niliyodhani nayajua, na nawaambia ukweli, ufundi wangu wa dizeli niliupata kwenye zile Jumapili kuliko kwenye tagi. Bwana Niko alipita mara kadhaa akamwona. Hakumfukuza wala hakumwuliza kitu.

Mkonge ulikuwa na bei nzuri, shamba likaagiza mashine ya pili. Habari zikatoka tena kwa madereva, na safari hii hakuna aliyezungumzia kuleta watu kutoka mbali. Walikuja vijana wa Tanga, wa Pangani, wengine mpaka wa Mkwaja, wakajaa uwanja wa nyumba ya mashine. Sisi wanne tulisimama ukutani kama wenyeji. Fundi Mbwana alikuwa kwenye mstari pamoja nao, mvi kati ya vichwa vyeusi.

"Nani nawasha?" aliuliza Bwana Niko.

Vijana wote wakampisha mzee, kama tulivyompisha sisi. Niliona Mgiriki akifumba macho kidogo, kama mtu anayejua linalokuja. Mhina aliushika mkono wangu. Nilitaka kwenda kumpokea, miguu ikakataa, na nashukuru ilikataa.

Fundi Mbwana alitia mafuta, akaliweka gurudumu, akachomoa mtaimbo, akaulaza. Akaishika valvu. Akaifungua yote kwa mkono mmoja, na mashine ikaitika kabla hajautoa mkono.

Bwana Niko alimsogelea, akapaza sauti juu ya mngurumo. "Mzee, wewe nafika miaka ngapi?"

"Mashine haijaniuliza," alisema Fundi Mbwana, akafunga hewa.